Wanataka nimpe mdogo wangu kipande cha msuli wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14. Alipokuwa na miaka mitano tulianza kuona kwamba anaanguka ovyo, anapanda ngazi kwa taabu, na kila alipotaka kusimama kutoka sakafuni alilazimika kujisukuma kwa kushika magoti, kisha mapaja, mpaka mwili unyooke. Mashavu ya miguu yake yalikuwa manene, na baba alikuwa akijivunia kwamba mwanawe atakuwa mchezaji. Hospitali walimpima damu, kisha wakapima jeni, wakatuambia ana ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne. Leo anatumia kiti cha magurudumu, anameza dawa za steroidi kila siku, na ananyooshwa viungo na mtaalamu. Ni mtoto mcheshi na hodari wa hesabu, na nyumbani mimi ndiye msiri wake.

Mjomba amepata kituo kimoja cha tiba nje ya nchi kinachodai kwamba kinaweza kumrudishia misuli. Wameeleza kwamba misuli ya mdogo wangu imesahau kujijenga, kwa hiyo watakata kipande cha msuli kwenye paja langu, watoe seli zinazotengeneza misuli, wazizalishe maabara mpaka ziwe nyingi, kisha wamchome miguuni na mikononi. Wanasema kwa kuwa sisi ni damu moja, mwili wake hautazikataa. Baba amekataliwa kwa sababu ya umri. Mama naye amekataliwa kwa sababu moyo wake umetanuka na hausukumi damu vizuri, hali ambayo daktari wake anaihusisha na shinikizo la damu. Nimebaki mimi, na fedha ambazo wazazi wameweka kwa miaka mingi ziko tayari kulipwa.

Shangazi, mimi ni mkimbiaji, na natumaini kufika mbali. Nimesoma kwamba binadamu huzaliwa na idadi ya nyuzi za misuli ambayo haiongezeki tena, kwa hiyo naogopa kwamba kitakachokatwa pajani hakitarudi. Niliposema hivyo, mjomba alinijibu mbele ya watu kwamba nathamini mbio kuliko damu yangu mwenyewe. Mama hakusema neno, alilia tu. Tangu siku hiyo sijui kama woga wangu ni wa haki au ni ubinafsi. Mdogo wangu mwenyewe hajaulizwa chochote. Aliposikia habari hizi aliniuliza tu kama mimi nitaumia.

Kuna jambo jingine ambalo sijalizungumza na mtu. Ugonjwa ulipogunduliwa, daktari alipendekeza mama apimwe kama anabeba jeni yenye hitilafu, na mimi nipimwe nikiwa mtu mzima. Mama alikataa kabisa, akasema hataki kuambiwa kwamba ndiye aliyemwambukiza mwanawe. Mimi pia sijaenda, ingawa umri huo nimeshaufikia, kwa sababu naogopa jibu. Kituo kile hakijaniuliza lolote kuhusu kipimo hicho. Walichotaka ni cheti cha afya ya kawaida. Tunatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Je, nikikataa nitakuwa nimemnyima mdogo wangu miguu yake? Na nikikubali, nitakuwa nimempa nini hasa?

Dada Mkubwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Familia yako imekuuliza swali moja, lakini barua yako imebeba matatu: kama utoe msuli, kama upimwe jeni, na kama unaweza kusema hapana na bado ukahesabiwa kuwa dada. Haya yamefungwa pamoja kwa haraka ya tarehe ya mwisho, na sehemu ya uzito unaousikia inatokana na kutakiwa uyajibu yote kwa neno moja. Mimi ni mshauri, si daktari aliyemchunguza mdogo wako. Nitakayosema kuhusu mwili yakusaidie kuuliza vizuri zaidi kwa wale wanaomtibu.

Nianze na paja lako, kwa kuwa ndilo lililokuletea lawama. Ulichosoma ni kweli, ila ni nusu ya habari. Misuli ya mikono na miguu huanza kutayarishwa karibu na wiki ya nne ya mimba, kutoka kwenye vifundo vya tishu vilivyojipanga jozi kwa jozi kandokando ya mahali ambapo uti wa mgongo utakaa. Wataalamu huviita somiti. Seli hutoka huko, zikahamia kwenye vichipukizi vya mikono na miguu, zikazaliana, kisha zikaacha kuzaliana na kuanza kuungana, seli nyingi zikiondoa mipaka baina yao mpaka zikawa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi ndani yake, yaani zile sehemu za seli zinazotunza jeni. Mtoto anapozaliwa, idadi ya nyuzi hizo huwa imekaribia kukamilika. Ukuaji unaofuata, pamoja na huo unaoupata kwa mazoezi yako, kwa sehemu kubwa ni wa nyuzi zilezile kurefuka na kunenepa.

Nusu ya pili ya habari iligunduliwa mwaka 1961, pale Alexander Mauro alipokuwa akichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Aliona seli ndogo zilizobanwa kati ya utando wa uzi na ala inayouzunguka, akaziita seli satelaiti, na akahisi kwamba huenda ndizo akiba ya kuotesha msuli upya. Baadaye ilithibitika hivyo. Kwa mtu mzima aliyetulia, seli hizi hulala. Nyuzi zikikatika, seli za kinga hufika ndani ya saa chache na kuanza kuondoa mabaki, na seli satelaiti huamka, huzaliana, na nyingi kati yake huungana kuziba pengo au kutengeneza uzi mpya. Chache hurudi kulala zikingoja jeraha lijalo. Kazi hii huendelea kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo hofu kwamba paja litabaki na shimo la kudumu inategemea sana ukubwa wa kipande: kidogo kinachotolewa kwa sindano nene au kwa mpasuko mfupi, chini ya ganzi, kwa kawaida hupona, ingawa huja na maumivu ya siku kadhaa, uwezekano wa kuvuja damu au kupata maambukizi, kovu, na mara chache ngozi kufa ganzi mahali hapo. Msuli ulioondolewa kwa wingi haurudi hivyo. Unayo haki ya kuuliza wanataka gramu ngapi, na nani atakutibu likitokea tatizo ukiwa umesharudi nyumbani. Mtu anayeuliza maswali hayo kuhusu mwili wake hastahili kuitwa mbinafsi, hata na mjomba.

Sasa kuhusu kauli kwamba misuli ya mdogo wako imesahau kujijenga. Hapa naomba tusimame kidogo, maana naona ndipo kituo kile kilipojenga hoja yake yote. Misuli ya mtoto mwenye Duchenne huundwa tumboni kama ya mtoto mwingine, na baada ya kuzaliwa hujikarabati mara nyingi kuliko yangu au yako. Kinachokosekana ni protini iitwayo distrofini, ambayo kundi la watafiti la Louis Kunkel huko Marekani liliitambua mwaka 1987. Kazi yake ni kuunganisha mitambo ya ndani ya uzi na utando pamoja na ala ya nje, ili uzi ukijikunja na kunyooka utando usichanike. Bila protini hiyo, mwendo wa kawaida tu huchana utando, kalisi huingia kupita kiasi, na uzi hufa. Seli satelaiti huamka na kutengeneza uzi mpya, lakini nazo zina hitilafu ileile ya jeni. Ni kama kushona nguo iliyochanika kwa uzi uleule uliooza. Baada ya miaka ya kurudia, akiba huzidiwa na mahali pa nyuzi huchukuliwa na kovu na mafuta. Mashavu manene ya miguu aliyojivunia baba yako yalikuwa sehemu ya mwenendo huo.

Ukiliona tatizo hivyo, wazo la kuleta seli kutoka kwa mtu mwenye distrofini halisikiki la kijinga hata kidogo. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwa panya kwamba seli za misuli zilizopandikizwa zinaweza kuungana na nyuzi zenye ugonjwa na kuzipatia distrofini. Majaribio kwa watoto yalifuata, na wafadhili wa seli walikuwa ndugu wa karibu, kama unavyoombwa wewe. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1995, wavulana 12 walichomwa seli kwenye msuli wa mkono mmoja na maji yasiyo na seli kwenye mkono wa pili, kila mwezi kwa miezi sita. Mtoto mmoja alionekana na nyuzi zipatazo asilimia 10 zenye distrofini ya mfadhili, lakini nguvu za mikono hazikutofautiana. Tangu hapo sababu zimefahamika zaidi: seli nyingi hufa katika siku za mwanzo, zinazosalia hazisafiri mbali na njia ya sindano, na kinga ya mwili huzishambulia.

Neno "damu moja" linafariji, lakini kinga ya mwili haipimi undugu kwa jina la ukoo. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu katika alama kuu za tishu, na hata wakilingana, distrofini yenyewe inaweza kuonekana kama kitu kigeni katika mwili ambao haujawahi kuitengeneza. Ndiyo maana mpokeaji huweza kuhitaji dawa za kupunguza kinga, juu ya steroidi anazotumia tayari, na dawa hizo hufungua mlango wa maambukizi na baadhi yake huchosha figo. Kuna jambo jingine ambalo sikuliona katika maelezo ya kituo. Kinachowasumbua zaidi vijana wenye Duchenne kadiri wanavyokua ni moyo, pamoja na misuli ya kupumulia ukiwemo ule wa kiwambo kilicho chini ya mapafu, na sindano za miguuni na mikononi hazifiki huko. Kwa hiyo unapojiuliza kama utamnyima miguu yake, ningependa kwanza ujue kama kuna aliyethibitisha kwamba miguu hiyo imo katika kile kinachouzwa.

Sisemi mlango huu umefungwa. Utafiti wa seli unaendelea, na siwezi kukuapia kwamba kituo hicho hakina lolote. Waombeni wawaonyeshe matokeo yaliyochapishwa ya watoto ambao hawakuwa wakitembea, namba ya usajili wa jaribio lao, na maelezo ya kwa nini mgonjwa analipa, kwa sababu majaribio yaliyosajiliwa kwa kawaida hayamtozi mgonjwa bei ya tiba inayojaribiwa. Ulizeni pia hospitali yenu kama kupokea seli za mtu mwingine kutamzuia baadaye kuingia katika majaribio mengine. Dawa mpya zinazolenga jeni zipo, japo si nyepesi: moja ya kuingiza jeni iliyofupishwa ya distrofini iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na mwaka 2025 ikasimamishwa kwa wasiotembea baada ya vifo vya vijana wawili ambao maini yao yalishindwa kufanya kazi.

Nimefika kwenye jambo ambalo hukumwambia mtu, na nakushukuru kwa kuniamini. Umelitenga na swali la msuli, lakini naona ni swali lilelile. Jeni ya distrofini imo kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vya jeni tunavyorithi kwa wazazi. Mdogo wako ana X moja tu, aliyoipata kwa mama. Wewe una X mbili, na kama mama anabeba hitilafu, nafasi ya kuwa nawe unaibeba ni nusu kwa nusu. Kila seli ya mwanamke hutumia X moja na kuizima nyingine, kwa hiyo mwanamke anayebeba huwa na mchanganyiko: baadhi ya seli zake satelaiti zina uwezo wa kutengeneza distrofini na nyingine hazina. Zikichukuliwa na kuzalishwa maabara, zinaweza kwenda kwa mdogo wako na hitilafu ileile aliyonayo. Kituo kinachotaka seli za dada bila kuuliza kipimo hiki kimeacha swali la msingi kabisa, na sijui walichokuwa wakikiwaza.

Huenda unajiambia kwamba mkimbiaji hawezi kuwa na kasoro ya misuli. Kwa wanawake wengi wanaobeba, hakuna dalili yoyote, na sababu yake imo katika namna misuli inavyoundwa: uzi mmoja una viini vingi, na kiini chenye X nzima hutoa distrofini inayofunika sehemu ya jirani yake. Wengine huumwa na kukakamaa misuli au kuchoka upesi, na wachache hudhoofika waziwazi. Moyo ni habari tofauti. Seli zake haziungani kuwa nyuzi ndefu za kushirikiana viini, na hauna seli satelaiti za kuukarabati, ndiyo maana wanawake wanaobeba hushauriwa kuchunguzwa moyo mara kwa mara hata wakiwa hawaumwi.

Umeandika, kama jambo la kupita, kwamba moyo wa mama yako umetanuka. Yawezekana kabisa ni shinikizo la damu kama daktari wake alivyosema. Lakini je, daktari huyo anajua kwamba mwanawe ana Duchenne? Kama hajui, kumwambia ni jambo dogo linaloweza kubadilisha namna anavyomfuatilia, na halihitaji mama akubali kipimo cha jeni kwanza.

Kuhusu hofu ya mama, nadhani anasikia neno "kubeba" kama neno "kosa". Jeni hii ni miongoni mwa zilizo ndefu kuliko zote katika mwili wa binadamu, ina herufi zaidi ya milioni 2, na kunakiliwa kwake huingia hitilafu bila mtu yeyote kutenda lolote. Katika takribani theluthi moja ya watoto wenye Duchenne, hitilafu ni mpya na mama haibebi. Kipimo kinaweza kumwondolea mzigo anaoubeba sasa bila ushahidi, au kinaweza kuuthibitisha, na huo uwezekano wa pili hatuwezi kuupuuza. Kwako wewe pia kujua kuna gharama. Kutabadilisha unavyofikiri kuhusu kuzaa na unachomwambia mwenzi, na jibu likishajulikana halirudishwi. Kutojua nako kuna yake, hasa kwa moyo. Wapo wanaochagua kuanza na uchunguzi wa moyo tu, wakaacha jeni mpaka wawe tayari. Wapo wanaopimwa na kukaa na jibu kwa siri kwa muda. Kwa kuwa hitilafu ya mdogo wako imeshajulikana, kuitafuta kwako ni rahisi: damu yako na nakala ya majibu yake. Omba uonane na mshauri wa masuala ya jeni kabla ya kutolewa damu hiyo, si baada yake.

Ukikubali kutoa, basi natamani ukubali ukiwa umeona majibu ya kituo, na ukijua kwamba sindano zikishindwa hutalaumiwa wewe wala seli zako. Ukikataa, utahitaji mtu wa kusimama nawe nyumbani, kwa sababu huzuni ya wazazi itatafuta pa kutua. Ukiomba muda, mjomba atasema unachelewesha. Hapo mpe kazi: mwombe apeleke maelezo yote ya kituo kwa daktari anayemtibu kijana na arudi na maoni yake. Mjomba huyu naona ni mtu mwenye hofu ambaye hajapata cha kufanya zaidi ya kutafuta fedha na kusukuma watu. Na maneno aliyoyasema mbele ya watu unaweza kumwambia, kwa adabu lakini mkiwa wawili, kwamba yalikuumiza.

Bado yupo kijana mwenyewe. Ana miaka 14 na akili ya hesabu. Hana haja ya kubebeshwa uamuzi, lakini mwili utakaochomwa sindano ni wake, pamoja na dawa za kupunguza kinga na safari ndefu. Muulize angependa nini kibadilike katika siku zake. Inawezekana akataja miguu, na inawezekana akataja mikono ya kuandikia, au usingizi, au kukaa na rafiki zake bila kusubiri mtu wa kumsukuma. Baadhi ya hayo hospitali yenu inaweza kuyashughulikia kwa fedha zilezile zilizowekwa, kwa vifaa vya kutegemeza mikono, ufuatiliaji wa upumuaji wakati wa usiku, na dawa za kulinda moyo ambazo mara nyingi huanzwa mapema. Nenda naye kwenye miadi yake ijayo, mwombe daktari awaeleze hali ya moyo na mapafu yake ilivyo leo, na umwache aulize yeye kwanza.